Kitunga kwa Consolée

Akaliza rafiki yangu, uko? Sikia yenye imenifikia leo.

Jirani Consolée ameniita anionyeshe kitunga chenye kaka yake alimuletea toka Mulenge. "Weye ni muntu wa kule. Kilisukwa wapi?"

Nikakigeuza. Msuko unazunguka kwa kushoto. KUSHOTO, Akaliza! Nani mwingine kule anasuka na mkono wa kushoto kama si mama yangu?

Kabla nifungue kinywa, akaongeza: "Kaka yangu walimupa hiki ku ndoa ya binti mumoja, Uwamahirwe. Watu walijaa!"

Uwamahirwe! Mudogo wangu ameolewa. Na minye, hata simu moja. Tangu niolewe na Félicien wa Mutarule, kwa watu wenye hawapatane na wetu, nyumbani hawanipokei.

Consolée bado anangoja. "Basi ni cha wapi?"

Nikamwambia sijui.