Wanataka Nishuke Kaburini na Kamera

Kwako Shangazi Ferista, nakusalimu kwa heshima na kukuomba unisaidie kabla ya Jumamosi.

Mimi ni kijana, karani katika ofisi ya filamu hapa Tunduma, na mwajiri wangu, Mama Fortunata, alifariki ghafla mwezi uliopita tukamzika kijijini Mpemba. Alianza kwa kuzunguka vijiji vya Mbozi msimu wa kahawa na jenereta na shuka jeupe akionyesha filamu za watu wengine, kisha akaanza kutayarisha za kwetu, waigizaji wakizungumza Kinyiha bila aibu, hadi wasanii wa mkoa wakamchagua mwenyekiti wao, na msichana yeyote aliyesumbuliwa na mwongozaji alijua mlango wa kugonga. Alinilea kikazi, Shangazi, nami nampenda hata sasa ninapomwogopa.

Filamu yake ya mwisho ina mazishi. Alitaka kaburi la kweli, likachimbwa Ihanda kwenye shamba la Mzee Yesaya, ambaye alimwonya kwamba kwao kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, na kama hakuna maiti hufukiwa mgomba badala yake. Mama alicheka. "Baba, hili ni la sinema tu. Tuliache, huenda tukarudia." Akavua kandambili, akanipa nishike, akashuka mwenyewe na kamera, akalala chali awapige picha waombolezaji wakimwinamia, nasi ukingoni tukishindwa kujizuia kucheka. Alipotoka alipaza sauti kama alivyozoea kuwaita waigizaji kwenye majaribio: "Anayefuata!"

Hakumaliza wiki mbili.

Sasa nimepewa mimi kazi ya kupanga picha zake ili filamu ionyeshwe siku ya kumbukumbu, na mchana mmoja, malori yakiunguruma nje kwenye foleni ya mpakani, nilifungua ile ya kaburini kwenye kompyuta nikaona waombolezaji wote wako sawa isipokuwa mahali niliposimama mimi, maana pale amesimama Mama Fortunata, kandambili mkononi, akiitazama kamera ambayo najua aliishika yeye. Nilizima. Nilipofungua tena midomo yake ilikuwa inacheza, na ingawa picha ile haina sauti, neno lile nililijua.

Sijamwonyesha mtu, hata binti yake Imelda, anayeniuliza kila siku kama mama yake anaonekana popote. Na Bwana Ezron, mwenyekiti mpya, anasema siku ile kamera ilitikisika kwa kicheko, kwa hiyo Jumamosi turudi Ihanda tuirudie, shimo bado lipo. "Dogo, wewe mwembamba, utaenea vizuri." Niliposita wenzangu wakaangua kicheko: "Msomi mzima anaogopa shimo la viazi!" Nikikataa nitaonekana nimemsaliti aliyenifundisha kazi. Nifanyeje?

Karani, Tunduma

Karani, mwanangu,

Pole kwa msiba. Umeondokewa na mtu aliyekushika mkono, na hofu yako siicheki. Kama picha inaweza kufanya hayo uliyoyaeleza, mimi sijui, na sitajifanya najua.

Ninachojua ni kwamba Mzee Yesaya alisema neno kwenye shamba lake mwenyewe, mkamcheka. Shimo limeachwa mdomo wazi, aliyelichimbisha amekwenda, na ninyi mnatafuta mwembamba wa kuenea! Akili mmeziacha wapi? Na wewe unaambiwa ukalale kaburini, unachoogopa ni kuonekana msaliti? Kumheshimu mwalimu si kurudia kosa lake.

Usishuke. Mwambie Ezron leo, mbele ya hao wanaocheka: sishuki. Akiitaka sana picha hiyo, apunguze tumbo ashuke yeye.

Kisha nenda kwa Imelda. Hapo nakugombeza. Mtoto anamtafuta mama yake, wewe umemfungia kwenye mashine! Mweleze yote kwanza, halafu achague mwenyewe kama atatazama. Usifute kitu. Nendeni Ihanda asubuhi, mwombeni Mzee Yesaya radhi, mchukue mgomba mnene, muufukie mpaka juu, msali.

Shimo likishajaa, fungueni picha ile pamoja. Ukijiona umerudi mahali pako, onyesheni filamu, na watu wamlie mama yao vizuri. Usipojiona, zimeni, msiitazame tena.

Na jambo moja. Umeniandikia kwamba alikupa kandambili zake ushike. Hukuandika kwamba ulimrudishia. Kama bado ziko chini ya meza yako, zipeleke kwa Imelda leo, kabla hujaigusa mashine.