Dawa ya Baba na Bastola ya Bwana Mpima

Jumatatu, 9 Julai 1951

Baridi tena asubuhi. Nimepiga tupa magobole mawili kabla ya chai, vidole havitaki hata kushika bisibisi. Kisha akaja Petro, mtumishi wa Bwana Mpima, yule Mzungu anayepima ardhi upande wa Kaliua. Kaleta bastola ya bwana wake. Haizunguki. Gurudumu la kukalia risasi limegoma, ukivuta kifyatulio unaumiza kidole bure.

Na risasi sita zimo ndani! Kaibeba kwenye kikapu cha baiskeli kutoka uzunguni mpaka hapa Chemchem, inagongwagongwa njia nzima. Nimemfokea. Akasema shikamoo fundi, kana kwamba sijafoka. Nimeitikia kwa shingo upande.

Nimeifungua katikati, nikatoa risasi. Chini ya ile nyota inayosukuma maganda nje kulikuwa na mchanga mwekundu. Basi ni huo. Mafuta ya taa, brashi, kitambaa. Nikamalizia kwa dawa ya baba: nta ya nyuki na mafuta ya karanga, nimeipasha jikoni mpaka ikawa maji, nikapaka ndani na nje. Marehemu aliwapakia dawa hii wenye bunduki wa misafara ya Ujiji, na hakuna iliyoota kutu. Nimejaribu mara ishirini. Safi. Petro kaondoka nayo.

Jumatano, 11 Julai

Imerudi. Imegoma vilevile.

Bwana Mpima kaja mwenyewe na motokaa. Treni yake ya Kaliua ni Jumanne ijayo. Anasema porini kuna simba, hawezi kwenda na chuma cha kukandamizia karatasi. Kisha akaitazama leseni yangu ya kutengeneza bunduki ukutani, akasema bomani watapenda kujua kazi zangu zilivyo. Sikuyapenda macho yale. Leseni ilikuwa ya baba, jina lake limo bado, langu liko chini yake. Bila hiyo mimi ni mziba sufuria.

Nimeifungua. Uchafu mweusi unaonata, kila mahali. Huu si mchanga. Mtu kaipaka mafuta ya jikoni. Nani anashika bastola nyumba ile? Petro. Nani anakaanga nyama? Petro. Nikamwambia Bwana waziwazi kwamba mtu wake anaichezea.

Petro alikuwa mlangoni. "Mimi naifuta kwa kitambaa kikavu tu, fundi. Haki ya Mungu." Nikamgeuzia mgongo. Fundi hapingwi na mpishi.

Nimesafisha upya, nimepaka dawa upya, nimejaribu mara thelathini. Nimemkabidhi Bwana mkononi.

Alhamisi, 12 Julai

Petro kafukuzwa kazi. Nimeyasikia sokoni. Ana mke na watoto wanne kwao Ziba. Mke wangu, Mama Zuhura, kaniuliza kama nina hakika. Nimesema ninayo. Kaendelea kupepeta mchele.

Ijumaa, 13 Julai

Kimya uzunguni. Kimya ni kheri.

Jumamosi, 14 Julai

Imegoma! Mdudu gani huyu!

Bwana anasema aliifungia sandukuni, ufunguo mfukoni mwake. Hakuna aliyeigusa. Petro hayupo wa kusingiziwa. Nimepewa mpaka Jumatatu. Ikigoma tena, ni bomani.

Nimeikongoa yote. Springi nzima. Jino linalosukuma gurudumu zima, halijalika. Skrubu nimezihesabu mara tatu, utadhani zinazaana. Nimeitukana, nikamwomba Mungu msamaha, nikaitukana tena. Fundi cherehani wa jirani kachungulia na kuuliza kama nimehamia kwenye kutengeneza saa. Nimemwambia aende akashone. Ugali nimeula umepoa. Mchana nimeifunga, nimepaka dawa, imezunguka vizuri. Nimeiacha mezani. Siamini hata hivyo.

Jumapili, 15 Julai

Alfajiri nimeigusa. Imegoma. Mezani kwangu mwenyewe! Mlango ulikuwa na komeo, hakuna aliyeingia ila baridi.

Nimeandika neno hilo na mkono ukasimama.

Nikaiweka juani kwenye mkeka. Nikanywa chai. Nikarudi, inazunguka. Nikaihamishia kivulini kando ya mtungi wa maji. Ikagoma. Nikaenda kwenye kopo la dawa ya baba, nikachovya kidole. Hakikuzama. Dawa imeganda kama kipande cha sabuni.

Basi ni hii. Naipasha, inaingia kila upenyo ikiwa maji. Naijaribu bastola dawa ikiwa bado ya moto, namkabidhi mwenyewe kwa majivuno. Baridi ikishuka, inaganda humo ndani. Gobole halina gurudumu, ndiyo maana baba hakuligundua hili, wala mimi. Na ule uchafu mweusi wa Jumatano, nilioapia kuwa ni mafuta ya Petro, ni nta yangu na masizi ya bastola yenyewe.

Mtu kapoteza kazi kwa nta yangu. Naona haya, naandika hapa kwa sababu hapa hapana macho ya watu.

Nimemwambia Mama Zuhura. "Nyani haoni..." kaanza, hakumalizia. Sikuhitaji amalizie.

Naweza kuitoa nta yote, nipake mafuta mepesi, nikae kimya. Bwana atanisifu, leseni itabaki. Nimeliwaza hilo muda mrefu kuliko ninavyotaka kuandika.

Jumatatu, 16 Julai

Jana nimeisafisha kwa maji ya moto, kisha mafuta ya taa, mpaka haikunata tena. Nikaomba mafuta ya cherehani kwa yule jirani niliyemfukuza. Matone machache tu. Imelala kando ya mtungi, na leo kwenye baridi ile ile imezunguka.

Nimekwenda uzunguni kwa miguu, bastola mkoba huu, risasi mkoba ule. Nimesema yote. Kiswahili cha Bwana Mpima ni kifupi, ikabidi niyaseme mara mbili, na mara ya pili inauma zaidi. Hakupiga kelele. Kauliza kwa nini sikunyamaza. Nikamwambia Petro ana watoto. Kaandika barua mbili, moja ya kumrudisha Petro kazini, moja ya bomani. Ya Petro nimeomba niipeleke mimi.

Yuko kwa binamu yake, anafunga mizigo ya kurudi Ziba. Alisoma misheni, kaisoma mwenyewe. Nikamwomba radhi mbele ya binamu yake. Kaikunja barua, kaingia ndani. Hata shikamoo hakunipa. Sikustahili.

Jumatano, 18 Julai

Bomani. Bastola na bunduki za raifo nisiziguse tena. Magobole ruhusa. Karani kapiga mstari kwa wino mwekundu, umelipitia jina la baba. Nimekasirika njia nzima na sikupata wa kumkasirikia. Leseni nimeirudisha ukutani na mstari wake.

Ijumaa, 3 Agosti

Baada ya swala nimefungua kibanda. Nimetia mpini jembe la mtu. Kazi chache siku hizi.

Petro kaingia. Yeye na Bwana Mpima wamerudi kutoka Kaliua juzi, na simba hawakumwona. "Shikamoo, fundi." Nimeitikia marahaba.

Kafungua gunia mezani. Gobole la baba yake, limeletwa kutoka Ziba, kutu imeanza kwenye mtutu. Bastola hakuitaja. Kasema nimpakie ile dawa kabla ya mvua kuanza. Kisha kavuta kigoda, kakaa.

Nimewasha jiko.