Mwanasiti Hakuwa na Ugonjwa wa Kifua

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanamkasi, Munje.

Shikamoo mama. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, na kila nikiswali nakuombea nawe uwe hivyo hivyo. Goti limepoa au bado linakuuma unapochutama? Na paa la jiko limeshaezekwa, au mngali mnapikia uani? Usinifiche, hata kama jibu ni baya.

Habari yangu kubwa utaisikia kwa watu, basi heri uisikie kwangu. Chama chetu cha wafanyakazi kimenichagua nigombee kiti katika baraza la mji hapa Nairobi. Kwenye chama chetu hajapata kusimamishwa mwanamke. Najua utataka kuwaita majirani. Tafadhali usiwaite kwanza, mama, mpaka uisikilize barua hii yote.

Na wewe Mwanasiti, mdogo wangu, najua ndiwe unayemsomea mama. Usiruke mstari. Soma kama nilivyoandika.

Mama, nilikudanganya. Mwaka jana Mwanasiti aliporudi nyumbani, nilikuandikia kwamba vumbi la buni lilimwingia kifuani. Hakuwa na ugonjwa wa kifua. Alifukuzwa kazi, na karatasi ya kumfukuza niliitia sahihi mimi.

Sote wawili tulikuwa tukichambua buni za kahawa katika bohari moja, tumekaa chini juu ya magunia tangu asubuhi. Wenzetu waliokuwa wakinyonyesha waliwaacha watoto nje ya lango kwa bibi mmoja mlezi, na nyapara hakuruhusu mtu kutoka kabla ya kengele. Siku moja mtoto wa mwenzetu mmoja, Mama Mutua, alilia hata sauti ikamkauka. Mama yake yuko ndani, leso imelowa maziwa kifuani, anachambua huku machozi yanamtoka. Mwanasiti akainuka.

"Wewe, kaa," nyapara akamwambia.

"Nitakaa nikirudi," akamjibu kwa adabu kabisa.

Akaenda akafungua lango, akamchukua mtoto, akamleta hadi mapajani mwa mama yake. Nyapara alipomshika mkono Mwanasiti kumtoa nje, wanawake wote tukasimama. Ndivyo mgomo wetu ulivyoanza. Mimi nilichokuwa nacho ni kusoma kidogo na ulimi wa kuzungumza, wakanifanya katibu.

Tulikaa nje ya bohari siku nyingi. Mwishowe meneja akaniita mimi na mzee mmoja wa chama. Alikuwa ameshaiandika karatasi. Wenye kunyonyesha watatoka mara mbili kwa siku, na wote watarudi kazini isipokuwa yule aliyefungua lango. Akasema nikitoka mle ndani bila kutia sahihi, maneno yamekwisha. Yule mzee akaninong'oneza, "Tia, katibu. Ni mmoja tu, kwa ajili ya wote." Nikatia.

Nilimkuta Mwanasiti chumbani akipepeta mchele. Nikamweleza mambo kwa kuzungukazunguka, nikamwambia ni kwa muda mfupi tu, nitamrudisha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akaniambia, "Ungeniuliza, dada, ningekubali mwenyewe. Mbona hukuniuliza?"

 Kesho yake alipanda gari moshi.

Nikakuandikia ule uongo wa kifua. Nawe, mama, ukampeleka hospitali ya Msambweni, ukamtafutia asali, ukamkataza hata kuchota maji. Jibu lako lilinifikia kwa mwandiko wake yeye: "Kifua cha Mwanasiti kinaendelea vizuri." Alikuwa anakunywa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao ili mimi nisiaibike mbele yako. Niliikunja barua ile nikaitia kwenye mkoba, nikaenda mkutanoni kuhutubia juu ya haki.

Wala sikumrudisha. Nafasi ilipatikana mara moja, tulipoitwa tena kwa mazungumzo na meneja akawa mpole kwa kuogopa mgomo mwingine. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Nikaliacha, nikihofia wenzangu watasema nampendelea ndugu yangu. Huo ndio udhuru niliojipa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshazoea kusifiwa, na Mwanasiti angerudi, watu wangekumbuka nani alifungua lango.

Maana walikuwa wameshasahau. Siku ya kunichagua, msemaji mmoja alisimama akasema mimi ndiye niliyembeba yule mtoto. Watu wakapiga makofi. Mama Mutua alikuwa mstari wa mbele, akanitazama, akingoja nisahihishe. Nilinyamaza. Tulipotoka alinijia.

"Mdogo wako hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie Mutua ameshaanza kutembea."

Akaenda zake. 

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya wanachama nikawaeleza yote, jina la Mwanasiti na sahihi yangu. Mwenyekiti alinivuta nguo nikae, sikukaa. Wachache waliondoka. Waliobaki walishauriana, kisha wakasema wataendelea na jina langu, kwa kuwa nimekiri. Mama, nilitaka wanikatae. Wamenisamehe kitu ambacho si chao kusamehe, nami sasa nazunguka mitaani kuomba kura, nikisikia watu wakinitaja kuwa mwanamke mkweli.

Nisalimie mjomba Bakari, ndugu yako, na mkewe. Nisalimie shangazi Mwanaidi, aliyenilea ulipokuwa mgonjwa, na umwambie leso aliyonipa naivaa kila Ijumaa. Mwalimu wetu wa chuoni naye, aliyetufundisha Kurani, kama yu hai, mpe salamu zangu.

Uchaguzi ukipita, nishinde nisishinde, nitakuja Munje. Sitafikia kwako, mama, usinitandikie kitanda. Nitafikia kwa mjomba Bakari, nikae huko hadi Mwanasiti atakapopenda kuniita. Asipoita, nitakuja kukuamkia wewe mlangoni, halafu nirudi Nairobi.

Ni mimi binti yako, niliyekukosea,
Mwanakombo