Mabaki ya Lehemu Niliyoyaleta Nyumbani

Mlingotini,
Bagamoyo.
14 Septemba, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Abdulnasir,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Jasmin, na kwamba joto la Maskati limeanza kupungua. Sisi huku tunaamka, alhamdulillahi. Sisemi sote wazima, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Simu ingenitoa machozi kabla ya maneno, nawe ungebaki unasema halo, halo. Nimempa jirani yetu Ashatu, anayekuja huko, akukabidhi mkononi.

Mwanenu Naila, mliyeniachia nimlee, anaumwa. Keti kwanza, kisha usome polepole. Anakula, anacheza kidogo, ila damu yake imekutwa na sumu nyingi ya madini ya risasi, na aliyeileta risasi hiyo nyumbani ni mimi.

Unakumbuka ile kalenda ya kiwanda niliyokupigia picha, nimesimama mbele ya mizani na kofia ya njano? Ulinicheka ukaniita Bi Mizani. Nilifurahi, sikufichi. Kuanza kwa kuunganisha redio na taa za sola hadi kukabidhiwa taka zote za kiwanda si jambo dogo kwa mtu aliyeishia darasa la saba. Chini ya picha waliandika kwamba asilimia tisini na sita ya taka zetu hurejelezwa. Hesabu hiyo ilitoka kwenye daftari langu.

Sasa nikwambie ilivyokuwa. Lehemu ya kuungia nyaya ikiyeyushwa, juu yake huganda utando wa kijivu uliojaa risasi. Tulikuwa tunaujaza kwenye mapipa kusubiri gari la mkandarasi, na gari likaacha kuja. Meneja akatangaza kwamba mfanyakazi mwenye matumizi achukue, nami niandike kuwa mabaki yamerejelezwa. Nikamkumbuka shemeji yako Muhidini. Unajua hapa kwetu kila mwenye nyavu hujiyeyushia mwenyewe chubwi za kuzizamishia, kama alivyofanya marehemu baba, na risasi ya dukani bei yake haishikiki. Nikabeba. Wenzangu nao wakabeba.

Masika yale mvua haikutupa nafasi ya uani, basi Muhidini akayeyushia jikoni, kwenye sufuria kuukuu, akimimina kwenye mchanga. Naila alikaa naye akiokota matone yaliyoganda, akiyachezea kama kete. Nilimwona hata akitia moja mdomoni. Nikamkemea kwa sababu ya mchanga tu.

Mwezi wa sita akaanza kulalamika tumbo. Nilidhani ni mchango, nikampa dawa za kienyeji. Kisha mwalimu wa madrasa akaniita kuniambia kwamba sura alizokuwa anazijua zinampotea. Nikampeleka hospitali ya Dar. Walipopima damu, daktari aliniuliza ninafanya kazi gani, nikajibu kwa maringo kwamba mimi ndiye msimamizi wa urejelezaji kiwandani. Akauliza mabaki ya lehemu tunayapeleka wapi. Nikamsimulia habari ya sufuria ya jikoni.

Anatumia dawa ya kutoa risasi, na kila wiki mbili tunarudi kupima. Kuhusu kichwa chake, wamesema huenda yaliyopotea yakarudi, huenda yasirudi yote. Muhidini ameuchimba mchanga wote wa jikoni. Magunia matano yamekaa nyuma ya nyumba yamefungwa, maana hatujui pa kuyapeleka pasipo na mtoto wa mtu.

Jumatatu nililetewa fomu ya mwaka. Kwenye nafasi ya mabaki ya lehemu niliandika: kilo mia nne na kumi, yamepelekwa majumbani, yamepikwa majikoni. Nikatia sahihi. Meneja alinirudishia mara mbili, akanisihi kwa upole nisiwaharibie wenzangu kazi. Sikubadili. Nimeambiwa nikasubiri nyumbani, na sijui nasubiri nini. Nimepita nyumba saba za wenzangu kuwaambia wakawapime watoto. Wawili hawanisemeshi tena.

Abdulnasir, huyu mtoto ulinipa kwa mkono wako, amana. Sikuombi unitetee kwa mama yake. Mkitaka kumchukua sitapinga, nitamfungia mizigo mwenyewe. Naomba msamaha wenu, na kama bado haujapatikana, nitangoja.

Nisalimie Jasmin, ikiwa atapokea. Shangazi yetu Mwanajuma amekuja kutoka Kiwangwa na mananasi yake, anakusalimu sana, na hakuna swala anayomsahau mtoto. Muhidini pia anakusalimu, ingawa anaona haya. Mola awahifadhi huko ugenini na amshushie Naila shifaa.

Naila naye ana salamu zake. Mwaka jana, akiwa na miaka sita, alikuhesabia kwenye simu moja mpaka mia, ukampigia makofi. Amesema nikuandikie kwamba leo asubuhi amefika kumi na nne.

Ni mimi dada yako, ambaye sijaacha kukupenda,

Shufaa