Mtani Amekishika Kitabu Chetu cha Likizo

Mpendwa Mshauri Elieth,

Niwie radhi kwa ukimya wa miezi minane, maana ulizoea kupokea barua yangu kila mwezi ikikuonyesha makosa ya safu yako gazetini, na sikuacha kwa sababu makosa yamekwisha. Niliacha kwa sababu kaka yangu Kornel aliugua, kisha mwezi wa Mei akafariki, na leo nakuandikia nikiomba msaada, jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Isevya, Tabora, na ingawa nilistaafu mwaka 2011, shule zikifungwa mwezi wa Juni nami hufunga: natoa kiti uani na kusoma kitabu kilekile, na watu wakinicheka kwamba kitabu nilichokwisha kukimaliza nakirudia cha nini, huwauliza mbona ugali waliokula jana wanautaka tena leo. Riwaya yenyewe inamhusu karani wa reli aliyemwoa mjane kwa ajili ya cherehani yake. Nilipokuwa kijana nilimhurumia karani, nilipooa nikamhurumia mjane, na siku hizi naihurumia cherehani.

Kitabu hicho tulikinunua mimi na Kornel zaidi ya miaka thelathini iliyopita, tukakubaliana kwamba Juni ni zamu yangu hapa na Desemba ni zamu yake kwake Kaliua, kikisafiri kwa treni, na kila mmoja huandika pembeni mwa kurasa maneno ya kumjibu mwenzake. Desemba iliyopita alisoma yeye, na alichoandika sijakiona, kwa kuwa zamu yangu ndiyo imefika mwezi huu.

Sasa sikia. Msibani Kaliua alikuja Majidi, mstaafu wa reli, Mzaramo, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Unajua kwamba sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na kwamba msibani mtani ana ruhusa ya kutwaa kitu chochote mpaka kikombolewe kwa kuku, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Wengine hutwaa sufuria. Majidi alikitwaa kitabu, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza kusoma maneno ya pembeni.

"Waombolezaji, tulieni! Juni 1997, Mwalimu anaandika: 'Shemeji zangu ni siafu, hawaji mmoja.'"

Shemeji zangu wote kumi na mmoja walikuwapo, vinywa vimejaa wali.

"Na Desemba marehemu anamjibu: 'Nawe kwao wewe ni mdudu gani?'"

"Endelea, Mzaramo," akasema mke wangu Apolinaria. "Kumbe mwaka huo aliponiambia anasahihisha mitihani, alikuwa akiandika haya!"

Hapo nikapandwa na hasira, nikamwita Majidi mwizi mbele ya watu wote, na tuliporudi Isevya nikaenda kumshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye aliweka kalamu chini akaniuliza, "Mwalimu, mtani nimwandikie kosa gani? La kutania?" Baba yangu mdogo, mzee Ngollo, akaniambia kwamba nimevunja utani, kosa ambalo hajalisikia katika ukoo wetu tangu azaliwe, na kwamba lazima nimpelekee Majidi jogoo, nikae mkekani, niseme "nimekosa". Mimi! Miaka thelathini na sita ubaoni sijamwambia mtu neno hilo, sembuse mtu aliyekipanda kinu cha wafiwa.

Tangu siku hiyo Majidi hapiti kwangu. Anayekwenda kwake ni Apolinaria, kila alasiri, kusikiliza usomaji, na akirudi hunisalimu kwa maneno niliyoyaandika mwenyewe. Juzi alirudi mapema. Nikamwuliza, "Leo mmechoka kunicheka?" Akasema kwamba Majidi, alipofika kwenye mwandiko wa Desemba iliyopita, alikifunika kitabu, akakifunga ndani ya kanga ya mkewe, akasema, "Haya si ya kwetu." Sijui hiyo nayo ni mbinu gani.

Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Je, nipeleke jogoo na kujidhalilisha, au nishikilie heshima yangu, nisijue kamwe kaka yangu alisema nini mara ya mwisho? Nikishaamua, nitakuandikia.

Mwalimu Wilbroad, Isevya

*

Mwalimu Wilbroad, shikamoo, na pole sana kwa msiba. Ukishaitikia, kaa vizuri, maana nakugomba.

Umesoma kitabu kimoja miaka thelathini, na jirani wa nyumba ya tatu umeshindwa kumsoma. Mwizi gani huyo anayefika penye mali yenyewe akaifunika? Majidi angeweza kuusomea mtaa mzima. Wasikilizaji walikuwa wamekaa tayari, na mkeo yuko mstari wa mbele. Alinyamaza kwa sababu anaujua mpaka wa utani. Wewe ndiye uliyeuvuka. Yeye anakutunzia kaka yako ndani ya kanga, wewe unampeleka kwa mwenyekiti!

Wala usinidanganye kwamba shida ni heshima. Unaogopa. Maneno ya Kornel ukishayasoma hakuna mengine yatakayokuja kwa treni, na ugomvi huu umekupa kisingizio kizuri cha kutokuyafikia. Kwa hilo nakuhurumia kweli. Lakini unasema kila likizo unamhurumia mtu mwingine. Likizo hii mhurumie Majidi, aliyefiwa na mtani siku ileile uliyofiwa na kaka.

Kwa hiyo kesho asubuhi kamata jogoo, yule mkubwa, si yule anayechechemea ambaye tayari umemfikiria. Mbebe mwenyewe. Apolinaria umeshamtwisha mengi; aandamane nawe mikono mitupu, na lile la siafu utamwomba radhi njiani, kabla hamjafika. Kaa mkekani. Sema "nimekosa" mara moja, bila kuongeza "lakini". Majidi atakutania mpaka utoke jasho; vumilia, hiyo ndiyo dalili kwamba amekusamehe. Akikupa kitabu, usikimbilie nyumbani nacho. Fungua palepale, soma akiwa kando yako, na sauti ikikukatika, mpe yeye asome.

Kisha mjibu Kornel, chini ya maneno yake, kama ulivyofanya siku zote. Na Desemba ikifika, usiende stesheni. Kipeleke kitabu nyumba ya tatu, kwa Majidi. Zamu ni yake sasa.