Nyeusi ya Kikapu cha Kabula

Mkuyuni, Alhamisi, saa kumi jioni

Mama Mkubwa,

Nimeanza barua hii mara tatu tangu asubuhi. Naandika sentensi mbili, nainuka, naenda kuchungulia ndoo nyuma ya nyumba, narudi. Ukindu umo ndani ya tope tangu jana na haufai kutolewa kabla ya kesho. Najua. Ungekuwapo ungesema, "Karani, kaa chini, rangi haipikwi kwa macho."

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike. Chumbani kwako analala mama yangu, na amekataa kitanda chako kisogezwe hata kidogo. Ziwa limepanda, kule Pasiansi ulikokuwa ukinunua dagaa, mahali walipokuwa wakianika sasa ni maji. Na Kabula anaolewa. Kitinda mimba wako, ambaye ulisema hakuna mwanaume atakayeuweza mdomo wake, anaagwa Jumamosi ya wiki ijayo. Kikapu ulichomwanzishia kwa ajili ya siku hiyo ulikiacha juu ya kabati. Ulibaki mkanda mmoja tu karibu na ukingo. Mkanda mweusi.

Nilijua naweza kukimalizia, maana nilikuwa na madaftari. Yote uliyonifundisha kwa miaka sita niliyaandika kwa tarehe, ndiyo ukaniita Karani: magome ya mgunga yachemke mpaka maji yawe mekundu, ukindu ulale humo, kisha uzikwe kwenye tope jeusi siku mbili, uoshwe. Niliandika hata yale ya bibi, mama yako: jinsi walivyotoa nyekundu kwenye majani ya mtama, na jinsi rangi ya unga ilipofika madukani wanawake walivyotupa vyungu vyao wakapaka zambarau kila kitu, vikapu, mikeka, mpaka beberu wa jirani alipolamba beseni akatembea na ndevu za zambarau masika nzima. Bibi peke yake hakuiacha nyeusi ya tope. Alisema nyeusi ya duka ikiguswa na maji inakukana.

Jambo moja sikuliandika kwa sababu hukunionyesha. Tope linatoka wapi.

Ulikuwa unatoka peke yako alfajiri, unarudi na ndoo kichwani imefunikwa kanga, na fungu la dagaa juu yake. Na huitikii salamu. Mtaa mzima ulijua. Yule mama lishe wa kona alikuwa akikuchokoza makusudi: "Shikamoo mama. Shikamoo tena. Leo umemeza ulimi?" Unapita tu. Mpaka utue ndoo, ndipo unageuka mlangoni na kuziitikia zote kwa mpigo. Nilipokuuliza huo ni mwiko gani, ulicheka. "Mwiko? Salamu zetu Wasukuma zinaanza na wewe, zinapita kwa ng'ombe, zinamaliza ukoo. Tope litanikaukia kichwani."

Kwa sababu ya dagaa, sote tuliamini unatoka ziwani. Nimechota tope la Pasiansi mara tatu. Daftari linasema: kijivu, kijivu tena, na mara ya tatu rangi ya maji yaliyooshea masufuria. Kabula alikuwa akipita kila jioni kuuliza. Jumatatu ya wiki iliyopita nikaenda sokoni, nikanunua nyeusi ya duka, nikausuka ule mkanda.

Siku hiyo sikuandika kitu. Ni ukurasa wenye tarehe tu.

Kabula alikuja akakaa na kikapu mapajani, akaupitisha mkono kwenye mkanda taratibu. Akasema, "Dada Leah, hii ndiyo nyeusi ya mama kabisa." Akalia, akajifuta kwa vidole vilevile. Likabaki doa la zambarau chini ya jicho. Ningesema pale pale. Badala yake nilichukua pindo la kanga yangu nikamfuta, nikamwambia ni masizi.

Tangu hapo situlii. Nafua vilivyokwisha kufuliwa. Nafikiria mama mkwe wake akikipokea kikapu mbele ya watu kwa mikono iliyotoka kunawa. Lakini hata doa lisingetokea, bado. Alidhani ameshika kazi ya mkono wako, kumbe ameshika pakiti.

Jumapili baada ya ibada nikayasoma madaftari yote upya, ukurasa kwa ukurasa. Kila siku ya tope nilikuwa nimeandika jambo lilelile bila kulifikiria: "Nimemtoa Mama Mkubwa mbigiri kwenye pindo la kanga." Mbigiri, Mama Mkubwa. Kule ufukweni ni mawe na mchanga. Mbigiri ziko mbugani, njia za ng'ombe, upande wa Usagara mlikozaliwa wewe na mama. Dagaa ulipitia kununua ili tusikufuate. Nilicheka peke yangu, halafu nikakasirika. Miaka sita ungeweza kunipeleka hata mara moja.

Jumanne nikachemsha ukindu kwenye magome. Jana alfajiri nikaenda Usagara na ndoo yako. Niliuliza watu wengi wakanishangaa, mpaka nilipomwambia mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe kwamba natafuta njia ya mama fulani asiyeitikia salamu. Alicheka mpaka akaegemea fimbo. "Yule? Akija anapiga soga mpaka ng'ombe wangu wanachoka. Akishajaza ndoo, bubu." Nikamwambia umefariki. Akavua kofia, kisha akaniongoza kwenye dimbwi lenyewe. Tope lake ni jeusi na linanuka kama msumari wenye kutu. Nilichota. Kuanzia pale sikumwitikia mtu.

Kabula alikuwa barazani kwetu akimenya viazi na mama. "Dada, za utokako?" Nikapita. "Dada Leah?" Nikapita. Nikasikia kisu kimesimama. Amekua akimwona mtu akiingia hivyo kwenye mlango huo. Aliinuka, akasogeza ndala zilizokuwa kizingitini nisijikwae, kama alivyokuwa akikufanyia wewe.

Nilitua ndoo. Kisha nikaitikia. "Nzuri. Nilikudanganya, Kabula. Mkanda ule ni rangi ya duka."

Alienda alikopanga kukileta kikapu, akachukua kile kisu cha viazi, akaanza kuufumua mkanda mwenyewe bila kuniangalia. Alipofika katikati akasema, "Na kanga yako ndiyo iliyozidisha doa. Nilienda kazini na uso wa zambarau, nikaambiwa mchumba ameanza kunipiga mapema." Mama akacheka. Yeye hakucheka, lakini aliendelea kukaa na mimi mpaka tukauzika ukindu pamoja.

Sijui kesho utatoka mweusi au kijivu tena. Kabula amesema ukikataa atakibeba kikapu hivyohivyo, na pengo lake, wala hataki kisichokuwa chako. Kwa hiyo nachungulia ndoo.

Ile Jumatatu nimeijaza. Nimeandika rangi ya duka, nimeandika masizi. Chini yake nimeandika njia ya kwenda kwenye dimbwi, na nakuahidi nitampeleka Kabula kwa miguu yake, na mwingine yeyote atakayetaka kujifunza. Sitafunika ndoo kwa dagaa.

Pumzika sasa. Siku zile nilikuwa nakuamkia ukiwa na mzigo, nangoja mlangoni mpaka uutue. Shikamoo, Mama Mkubwa. Umeshautua.

Karani wako,
Leah