Askari wa Pembeni Anatangulia

Ijumaa, 4 Mei 1951

Leo nimemupiga tena Muzee Asani. Kwenye barza yake mwenyewe, pale anaposhonea nguo, baada ya swala, mbele ya watu waliokuja kuchukua kanzu zao. Nilianza na askari wa pembeni kabisa, yule wa ukingo wa ubao. Muzee akaacha kushona. Akauliza nani alinifundisha uchafu huo. Nikasema Kairo. Kila kitu kwangu kinatoka Kairo — wakati wa vita nilikuwa shofa wa jeshi, naendesha magari kule Misri, na hapa Kasongo hakuna wa kunibishia.

Yeye anacheza sataranji kwa sheria. Ubao wake baba yake aliuleta kutoka pwani, siku za biashara ya pembe, na sheria zilikuja pamoja nao: askari wa katikati watangulie, farasi na tembo watoke mapema, waziri asitembee ovyo, sultani aingizwe bomani akae. Mimi shule niliifikisha mwaka wa tatu tu, wa ine mwalimu na mimi tulichokana. Lakini sheria hizo nazijua zote. Ndiyo sababu naziharibu vizuri.

Faida, binti yake, alileta kahawa. Akaweka kikombe cha baba, akaweka changu, hakunitazama. Kutonitazama namna ile ni kunitazama sana.

Posa yangu iko mikononi mwa muzee huyu tangu mwezi uliopita. Hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Anasema: panga ubao.

Jumapili, 6 Mei

Baba mudogo Amuri, mushenga wangu, amekwenda kuuliza jibu. Akapewa kahawa, akapewa ndizi za kukaanga, akaulizwa habari za magoti yake. Mwisho Muzee akamwambia bado anawaza, binti si nguo ya kukata haraka.

Amuri amerudi ameshiba, bila neno. Anasema nyumba ile wanakawiza mutu kwa adabu sana, hata kesho yuko tayari kurudi.

Jumanne, 8 Mei

Patro, mwenye kamio ninayoendesha kubeba mizigo, amesema: mwezi wa sita nahamia Kabambare, kwenye depo ya pamba. Nyumba ya matofali iko, lakini ni ya mwenye muke. Asiye na muke analala na magunia.

Mbele yake nilicheka. Nje sikucheka. Wiki ya kwanza ya mwezi wa sita Ramadhani inaingia, na watu wetu hawafungi ndoa ndani ya Ramadhani. Kwa hiyo ni kabla ya hapo, ao basi.

Alhamisi, 10 Mei

Leo nimemutoa sultani nje. Vita haijaanza vizuri, yeye huyo katikati ya ubao, anatembea peke yake kama mwenye shamba.

"Anakwenda wapi huyo?" Muzee anauliza.

"Sokoni, Baba. Kununua samaki."

Alicheka hadi akafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mutu. Kisha akamukimbilia. Hapo ndipo ninapowapatia wote: mutu akiona sultani wa mwenzake nje, anasahau nyumba yake. Farasi wote wakaondoka, matembo wote, mulango ukabaki wazi. Boma langu, lile linalokaa pembeni ya ubao, likapita, likafunga kazi. Muzee akakusanya askari wake. Akasema: panga tena. Ninamupenda muzee huyu, Mungu ashuhudie. Baba yangu alikufa nikiwa bado ninatambaa, na hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa utamu kama yeye.

Wakati wa kuondoka Faida alikuwa nyuma ya jiko, anatwanga.

"Baba anakupenda wewe kuliko mimi," akasema.

"Nani asiyenipenda?"

"Mimi si muhogo wa kulowekwa, Assumani. Na muhogo wenyewe ukikaa sana majini unanuka. Ukienda Kabambare bila jibu, usinitumie salamu."

Hakuwa anacheza.

Jumamosi, 12 Mei

Nimeambiwa leo. Na aliyeniambia ni Bibi Aziza, mama yake Muzee, ambaye ananiita mume wake na kunidai tumbaku. Nilimupelekea. Akavuta, akaniangalia kwa huruma.

"Mume wangu, una akili ya gari, ya watu huna. Mwanangu akipokea posa, wewe utakuwa nani?"

"Mukwe wake."

"Mukwe anakaa uso kwa uso na baba mukwe?"

"Hapana, Bibi."

"Akimuona njiani?"

"Anaingia kwenye majani, anageuza mugongo."

"Haya. Nani atacheza naye? Mimi?"

Nilibaki na kiberiti mukononi. Heshima hiyo naijua tangu mutoto. Nimeona watu wazima wakirukia mashamba ya watu kwa ajili ya mukwe. Lakini mimi niliwaza kuoa tu, kuwa mukwe sikuwaza hata kidogo. Yule muzee amewaza. Kila siku anawaza, halafu anasema panga tena.

"Tena hajakupiga hata mara moja," Bibi akasema. "Akikupiga atatulia. Namujua, nilimuzaa."

Jumatatu, 14 Mei

Nimefanya ujinga.

Niliwaza: nitamupa mara moja, atafurahi, atanipa Faida. Nikacheza kwa sheria zake zote. Askari wa katikati, farasi, tembo, sultani bomani amelala. Halafu nikamwachia waziri wangu mahali ambapo hata kipofu angemuchukua.

Muzee hakumuchukua. Akavua miwani.

"Unanilisha kama mutoto wa kuachishwa ziwa?"

"Hapana, Baba, nimekosea."

"Wewe hukosei hivi. Wewe unakosea kwa makusudi na unashinda. Leo unakosea kwa makusudi ili ushindwe. Mutu wa kunidanganya kwenye ubao, ndani ya nyumba atanidanganya mara ngapi?"

Akakunja ubao. Vitu vyote vikamwagika ndani ya sanduku la vifungo. Faida alikuwa mulangoni, amesikia yote.

Sijui kama nimekwisha kumukosa.

Alhamisi, 17 Mei

Mvua. Kamio ilizama kwenye matope kabla ya kufika Wamaza, tukalala humo. Wenzangu wakaomba niwaambie habari za Kairo. Sikuwa na hamu. Wakafikiri nina homa.

Jumapili, 20 Mei

Sijaitwa. Nikipita mbele ya barza, naona amekaa peke yake, ubao uko wazi mbele yake. Anasogeza upande huu, anazunguka na kiti, anasogeza upande ule. Hakuinua kichwa.

Ijumaa, 25 Mei

Ameniita.

Nilifika nimenyoa. Nikaanza kuomba radhi. Akasema: kaa, mimi ninaanza. Akanyosha mukono — akasukuma askari wa pembeni kabisa.

Nilimutazama. "Baba, nani alikufundisha uchafu huo?"

"Kairo," akasema, uso mukavu.

Sijapata kucheza muchezo kama ule, na nimecheza na watu wengi, wengine wana tarbushi. Waziri wake alitoka mapema kama mwanamuke wa soko. Farasi wake akakaa ukingoni. Nikamutoa sultani, naye akamutoa wake. Masultani wawili nje, wanatazamana, sheria zote za pwani zimekufa. Bibi Aziza akaja kuona. Faida akasimama na birika, kahawa ikapoa, hakuna aliyeiuliza.

Sikumupa kitu, hata kidogo. Naye aliona kwamba simupi. Jasho lilinitoka.

Adhana ya magharibi ikatukuta hapo. Ni zamu yangu. Muzee akachukua kipande cha bafta, akafunika ubao na kila kitu juu yake. Akasema asiguse mutu.

Tulikwenda musikitini bega kwa bega. Sijui nani anashinda. Neno hilo sijawahi kuliandika.

Jumamosi, 26 Mei

Asubuhi Amuri akaitwa. Akarudi anakimbia, na magoti yale.

Muzee amepokea posa. Ndoa Ijumaa ijayo, kabla ya mufungo. Amuri anasema alimuuliza: na muchezo wenu? Muzee akamujibu: "Ndiyo maana nasema leo. Nikingoja uishe, nikishinda nitataka tena, nikishindwa nitataka tena. Mutoto wangu atazeeka humu ndani."

Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka. Nikamupa kila mutu sigara. Kisha nikakumbuka ile bafta juu ya ubao. Nikakaa chini.

Faida ametuma neno: ubao haujaguswa, Muzee anafagia kandokando yake mwenyewe.

Jumatatu, 28 Mei

Naandika ndani ya kamio, juu ya usukani.

Nimetoka asubuhi na mizigo ya Kabambare. Baada ya soko, nani huyo mbele? Muzee, anavuta mbuzi wa karamu kwa kamba. Nikazima mashine, nikaruka, nikaingia kwenye majani hadi kiunoni, nikageuza mugongo. Mukwe kamili. Nikasubiri apite.

Alipita kamio kidogo tu, akasimama. Nikasikia anasema na mbuzi.

"Wee mbuzi. Kuna kijana mumoja ni zamu yake tangu Ijumaa. Anasingizia ndoa."

Nilitazama kamio. Nikaiambia: "Wee kamio, boma langu la kushoto liende moja kwa moja hadi mwisho wa mustari. Limwambie sultani wa watu hodi."

Kamba ya mbuzi ikaanguka chini.

Nilizunguka kwa mbele, uso pembeni, nikapanda upande wa pili. Kwenye kioo kidogo namuona mugongo tu. Amesimama katikati ya njia, mukono kidevuni. Mbuzi amelala. Wenye baiskeli wanapitia majanini, wanamwamkia, hajibu. Patro atauliza kwa nini nimechelewa kufika Kabambare.

Sasa kidole chake kimeinuka hewani, kinatafuta askari wa kusogeza. Kimeshuka tena.